Shairi Nimeliokota Kwenye Karatasi ya Mteja

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 26, nafanya kazi kwenye steshenari hapa Tanga, maeneo ya Ngamiani. Kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi. Barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga vyumba, risala za mahafali, mihtasari ya vikao vya ukoo, vyote vinapita mikononi mwangu. Mashairi nimeyaandika tangu darasa la sita. Nina madaftari manne yaliyojaa tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, na mashairi yangu mawili yamewahi kusomwa redioni.

Mwezi wa tatu alikuja mzee mmoja na karatasi ya daftari, ameiandika pande zote mbili kwa kalamu ya bluu. Ilikuwa orodha ya vitu alivyoacha mkewe. Alitaka ichapwe aipeleke Mahakama ya Mwanzo kwenye shauri la mirathi. Nikaanza kuchapa kama kawaida, maana sisi wachapaji macho husoma na akili ikawa kwingine. Nilipofika katikati vidole vikagoma.

[Hapa mwandishi wa barua alinakili orodha nzima. Nimeiondoa, nikabakiza vitu vitatu: cherehani, kanga ambazo doti zake hazijakatwa, na sufuria ambayo, kwa maneno ya mzee mwenyewe, “haina mfuniko”. Sababu nitaieleza. – Mwalimu]

Mwalimu, mwili ulinisisimka. Hakukuwa na neno “huzuni” hata mahali pamoja. Hakukuwa na “pengo lisilozibika” wala “umetuachia simanzi”, maneno ambayo nimeyachapa kwenye matangazo ya misiba mpaka hayaniambii kitu tena. Ni vyombo tu, na idadi yake. Lakini nilimwona yule mama.

Mzee alilipa, akachukua karatasi zake akaenda. Faili likabaki kwenye kompyuta. Usiku nikalifungua, nikaikata ile mistari, nikafuta namba, nikaipa jina “Aliyoacha”. Neno lake hata moja sikulibadilisha. Nikalituma kwenye kundi letu la WhatsApp la washairi, chini nimeandika jina langu.

Jumamosi tulipokutana chini ya mkungu niliombwa nilisome. Nilipomaliza palikuwa kimya. Dada mmoja alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha mzee wetu, ambaye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani nikiwa na miaka 17, akasema mbele ya wote: “Hili si shairi, ni orodha. Halina vina, halina mizani. Na hata hiyo orodha yenyewe si yako. Umeiba.” Kijana mmoja anayesoma chuo akanitetea, akasema kuna nchi ambako huo ni ushairi unaotambulika kabisa, watu wanaokota maneno kwenye magazeti na mabango wakatengeneza shairi. Wakabishana wao hadi adhuhuri. Mimi nilikuwa nimeshanyamaza.

Sasa ni wiki ya sita siandiki. Nikianza tarbia, naisikia kama risala. Nikiandika “Ewe mama mpenziwa”, naiona ile sufuria, nafuta. Halafu kuna jambo jingine linaloniogopesha. Siku hizi karatasi za wateja nazisoma kwa uchu. Juzi msichana alileta barua anayomwandikia baba yake, nikajikuta nimeshainakili kwenye flashi yangu. Nilishtuka, nikaifuta.

Naomba uniambie ukweli. Lile lilikuwa shairi? Nimeiba? Na je, tarbia nimeziacha, au ndizo zimeniacha mimi?

Mchapaji, Ngamiani

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Maswali yako matatu nitayajibu yote, ila kwanza tumzungumze mzee. Katika barua nzima umemtaja kama mteja aliyelipa akaenda zake. Yeye bado yuko mjini, shauri lake bado liko mahakamani, na hajui kwamba vyombo vya mkewe vimesomwa mbele ya watu chini ya mkungu.

Leo hii, kabla jua halijazama, lifute shairi kwenye kundi, na uwaombe wenzako waliolisambaza walifute pia. Faili lililobaki kwenye kompyuta ya dukani lifute. Toa nakala moja tu, ikunje, iweke mahali pa usalama. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jambo hili likifikishwa huko ataumia bosi wako pamoja nawe. Ila hata sheria hiyo isingekuwepo, anayekukabidhi karatasi uichape amekuwekea amana. Moyo wako unalijua hilo. Ndiyo maana ile barua ya msichana uliifuta bila kuambiwa na mtu.

Kisha mtafute mzee. Usimpigie simu. Nenda, msalimie, mpe pole ya mkewe, mwambie ulivyofanya bila kujitetea, umkabidhi nakala asome au umsomee. Anaweza kukubali. Anaweza kukubali akasema kitu fulani kitolewe. Anaweza kutaka jina la mkewe liandikwe juu. Anaweza kukasirika akakufukuza. Akikataa, shairi limekwisha, lichane mbele yake na usilikariri popote, hata kwa rafiki. Najua itakuuma. Nimeisoma orodha hiyo na mimi iliniuma.

Ndiyo sababu nimeitoa katika barua yako. Nimebakiza vitu vitatu ambavyo vimo katika nyumba yoyote ya Tanga, asije akajitambua kabla hujafika kwake.

Kuhusu wizi, mwalimu wako wa mizani ametumia neno zito, na kuna sehemu ya neno hilo ambayo siwezi kukuondolea. Ulichukua maneno ya mtu, ukaweka jina lako chini, ukanyamaza kuhusu yalikotoka. Kosa liko hapo kwenye kunyamaza. Kutumia maneno ya mwingine kuna njia yake ya heshima, na njia hiyo tunayo nyumbani kwetu tangu zamani. Sayyid Abdallah bin Nasir wa Pate, kisiwa cha Lamu, alizichukua beti zinazohusishwa na Fumo Liyongo, mshairi na shujaa wa kale, akaongezea mishororo mitatu katika kila ubeti ikawa mitano, na utungo huo tunauita hadi leo Takhmisa ya Liyongo. Jina la mwenye maneno ya kwanza limekaa mlangoni, kila aingiaye analiona. Ungeandika chini ya shairi lako, “Maneno ni ya mume wa marehemu, nimeyapanga mimi kwa idhini yake”, mzee wenu angebaki na hoja moja tu, ile ya vina na mizani.

Hoja hiyo nayo tuitazame, maana naiheshimu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alituandikia sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na mimi nimezifundisha darasani miaka mingi kwa mapenzi. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, watu wamegombana sana juu ya mashairi yasiyo na vina, na ugomvi ule sitaki kuufufua hapa. Nataka nishughulike na neno moja la mzee wenu: “ni orodha”.

Mwambie, kwa adabu, akafungue tena Al-Inkishafi. Utenzi ule una kiasi cha miaka 200, nao pia unanasibishwa na Sayyid Abdallah huyo huyo. Mshairi anapotaka kuuonyesha moyo wake kwamba dunia inapita, anauingiza katika majumba ya Pate yaliyohamwa, anauonyesha chombo kimoja kimoja na mahali pake. Yale madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani za kaure, sasa makinda ya ndege wamelala humo. Ni hesabu ya vitu vya waliokufa, chumba kwa chumba. Vina vipo, mizani ipo, lakini kinachokutoa machozi ni daka tupu. Orodha ya marehemu imo katika ushairi wetu tangu hapo, na mzee wako wa Ngamiani, bila kujua, ameandika kwa ajili ya hakimu jambo ambalo washairi wa Pate waliliandika kwa ajili ya moyo.

Yule kijana wa chuo naye alisema kweli. Shairi la kuokota, ndivyo ninavyoliita mimi, ni shairi ambalo maneno yake yametoka kwenye maandishi yasiyokusudiwa kuwa shairi: tangazo, hati, maelekezo ya dawa. Mshairi huchagua, hupunguza, hukata mistari na hulipa jina. Waliolifanya ni wengi na njia zao hazifanani. Mwaka 1920 Tristan Tzara, mshairi mzaliwa wa Romania, aliwaambia watu wachukue gazeti na mkasi, wakate maneno, wayatie mfukoni, wayatikise, wayanakili kadiri yanavyotoka. Njia hiyo siipendi, maana sikio limenyimwa kazi. Wako wawili ambao nataka uwajue, kwa kuwa wote wawili waliokotea kwenye karatasi za mahakama, kama wewe.

Wa kwanza ni Charles Reznikoff wa New York. Alisomea sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1916, lakini riziki yake kwa muda ilitoka kwenye kuhariri vitabu vya sheria. Kazi hiyo ilimlazimu kusoma kesi nyingi kupita kiasi, na humo akakutana na watu: mtoto aliyenaswa na mashine kiwandani, watu waliouawa katika ugomvi. Alichukua ushahidi uliotolewa mahakamani Marekani kati ya 1885 na 1915 akautengeneza kuwa mashairi makavu, hayalii, hayahukumu. Alisimulia kwamba angeweza kupitia kitabu cha kurasa elfu akatoka na kesi moja tu. Na majina ya watu wote aliyabadilisha, hata ya miji. Angalia hapo: watu wale walikuwa wageni kwake na wengi walikwisha kufa, naye bado aliwasitiri.

Wa pili ni M. NourbeSe Philip, mzaliwa wa Tobago, aliyekuwa wakili Toronto kabla hajaiacha kazi hiyo aandike. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya watumwa iitwayo Zong, mali ya wafanyabiashara wa Liverpool, waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130. Wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila kichwa, kama mtu anavyodai fidia ya magunia yaliyolowa. Mwaka 1783 shauri lilifika mahakamani Uingereza, na taarifa ya sheria iliyolihusu haizidi kurasa mbili. Philip alijifungia ndani ya kurasa hizo. Katika kitabu chake cha 2008 ameyachukua maneno ya taarifa ile akayavunja mpaka silabi, mpaka herufi, yakasambaa kwenye karatasi na nafasi nyeupe katikati, mtu anayesoma kwa sauti hupungukiwa na pumzi. Na chini ya kurasa za mwanzo ameweka majina ya Kiafrika, kwa sababu taarifa ile haikumtaja hata mmoja wao kwa jina.

Ukienda kwa mzee, kumbuka majina hayo ya chini ya ukurasa. Yawezekana jina la mkewe ndilo kitu pekee ambacho shairi lako linakosa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana naona unadhani hukufanya lolote kwa kuwa neno hukubadilisha. Wiki hii kwenye bomba la mtaani kwetu limebandikwa tangazo la mkono: “Wateja wote mnatangaziwa kuwa kuanzia kesho maji yatatoka usiku tu. Atakayekuta ndoo yake imejaa asogeze ampishe mwenzake. Ndoo isiyo na mwenyewe itamwagwa.” Nilisimama hapo na dumu langu nikalisoma mara tatu. Nyumbani nikaandika hivi:

NDOA

Kuanzia kesho
maji yatatoka
usiku tu.

Atakayekuta ndoo yake
imejaa
ampishe mwenzake.

Ndoo isiyo na mwenyewe
itamwagwa.

Nimetoa “wateja wote mnatangaziwa kuwa”, maana hapo mwandishi alikuwa anakohoa kabla ya kusema. Nimetoa “asogeze”, kwa sababu kusogeza kunarudisha macho kwenye plastiki ya ndoo, nami nataka macho yabaki kwa mtu. “Imejaa” nimeipa mstari wake, ikae peke yake, msomaji asubiri kidogo kabla hajaambiwa afanye nini. Na jina la shairi ndilo neno langu pekee: herufi moja imebadilika kutoka ndoo, na tangazo la maji limekuwa jambo la watu wawili wanaolala kitanda kimoja. Nilifikiri kuliita “Bomba” nikaacha, maana lingebaki tangazo.

Wewe ulifanya kazi hiyo hiyo usiku ule. Ulifuta namba. Nani alikufundisha kufuta namba? Namba zingemfanya msomaji ahesabu, ukazitoa ili aone. Sikio lako limeshafika mahali ambapo tarbia zako hazijafika, na nitakuja kwenye hilo.

Mama zetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi tuliosoma. Mwanamke anaingia dukani, zimepangwa kanga mia, zote zina maneno aliyoyaandika mtu asiyemjua. Anachagua moja, anaivaa siku maalumu, anapita mbele ya mlango maalumu. Maneno si yake hata moja, na mtaa mzima umemwelewa.

Kuna njia nyingine ya kuokota ambayo ningependa uijaribu kwa mkono. Mwaka 1966 msanii Mwingereza Tom Phillips alinunua kwa senti chache, huko Peckham Rye, London, riwaya ya mwaka 1892 ambayo hakuna aliyekuwa akiisoma tena. Akaanza kupaka rangi na kuchora juu ya kurasa, akiacha maneno machache tu yaonekane. Aliendelea na kitabu hicho hicho miaka 50. Mhusika wake mkuu hakuwamo katika riwaya ile; alimtoa ndani ya tumbo la neno jingine, herufi nne za mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya “pamoja”, na hajitokezi ila kwenye ukurasa wenye neno hilo.

Nilipokumbuka habari hiyo nikachukua kalamu nyeusi, nikaandika maneno matatu tu kutoka kwenye barua yako. La kwanza “marehemu”. Nikafunika silabi ya mwanzo, ikabaki “rehemu”. Hilo halikunishangaza, marehemu na rehema ni ndugu wa damu. La pili “cherehani”. Nikafunika mwanzo, ikabaki “hani”, na kuhani ndiko tunakokwenda kufanya kwa mfiwa. Hapo nikaanza kukaa wima, kwa sababu cherehani na kuhani hazina undugu wowote, zimekutana kwa herufi tu. La tatu “mfuniko”. Sikuhitaji kufunika chochote. Nilichora mstari mmoja mwembamba katikati:

mfu | niko

Mwanangu, nimefundisha Kiswahili miaka 31 na mfuniko nimeufunua kila siku ya maisha yangu. Sikuwahi kuliona hilo. Katika orodha ya vitu vya mke aliyekufa, mume ameandika kwamba kitu kinachokosekana ni mfuniko, na ndani ya neno lenyewe mfu anasema yupo. Niliiweka kalamu chini nikatoka nje kidogo.

Nakuonya lakini, njia hii ina utamu wa fumbo, na fumbo linaweza kukushibisha ukasahau kutunga. Utakaa wiki nzima unapasua maneno. Ifanye kama mwanamuziki anavyokaza nyuzi, halafu uende ukapige.

Kuhusu kuandika kwako sasa. Tarbia hazijakuacha. Kilichotokea ni kwamba umesikia sauti ya kweli mara moja, sasa sauti ya kukopa huivumilii. “Ewe mama mpenziwa” uliikuta imeshaandikwa na wengine elfu kabla yako, ukaitia katika daftari ukidhani ni yako. Hiyo pia ilikuwa kuokota, ila hukujua kwamba unaokota. Yule mzee hakuwa na muda wa kutafuta maneno mazuri, alikuwa na hakimu wa kumridhisha, akasema kilichopo na kisichopo. Jifunze kwake hilo, kisha urudi kwenye vina.

Nami nisiseme tu bila kufanya. Dada yangu alifariki, na siku tulipomzika vyombo vya nyumba vilitoka vikaenda kupikia wageni. Mfuniko wa sufuria yangu ya wali haukurudi. Uko nyumba ya tatu, najua, na sijaenda kuuchukua. Baada ya kusoma barua yako nikaandika ubeti huu:

Sufuria ya jikoni, imekosa mfuniko,
Umebaki kwa jirani, tangu siku ya maziko,
Wali wachemka ndani, mvuke wajaza jiko,
Naufunika sahani, na juu naweka mwiko.

Hesabu mwenyewe, mizani nane kwa nane, mzee wenu akague akitaka. Hakuna “dada” ndani yake, wala “majonzi”. Nilipoandika mara ya kwanza mstari wa mwisho ulikuwa “nikilia kwa vituko”, nikaufuta kwa sababu ulikuwa uongo: sikulia, nilitafuta sahani. Mwiko ulikuwepo pale jikoni kweli, ndio ninaoweka juu ya sahani mvuke usiinyanyue. Kina kilinitaka “-ko”, nikageuza kichwa, nikauona.

Basi fanya hivi. Nunua daftari dogo lisilo la kazini. Kila siku nakili humo sentensi moja ambayo imewekwa hadharani kwa ajili ya kila mtu: tangazo la ukutani, maandishi ya nyuma ya daladala, maelekezo kwenye pakiti ya mbegu, onyo la stendi. Andika mahali ulipoikuta na tarehe. Usitunge chochote mwezi mzima, nakili tu, kwa mkono, taratibu, maana mkono unasikia ambavyo macho hayasikii. Karatasi ya mteja isiingie humo hata sentensi moja, hata neno zuri kiasi gani. Ukiona uchu unakushika kazini, inuka ukanywe maji. Uchu huo sio ubaya wako, ni sikio lililoamka, ila litafutie malisho ambayo hayana mwenyewe anayeumia.

Mwezi ukiisha, chagua tatu katika hizo sentensi thelathini, uzikate mistari kama nilivyoikata ya bomba, na chini ya kila moja uandike ilikotoka. Ukizipeleka Jumamosi, soma pia hiyo mistari ya chini, kwa sauti, mbele ya mzee wenu. Sidhani kama atasema tena neno wizi. Kuhusu guni, yaani shairi lisilofuata vina na mizani, ataendelea kusema, mwache aseme, na umsikilize, mtu aliyekufundisha mizani ukiwa na miaka 17 hakukudai hata shilingi.

Halafu keti uandike orodha yako. Umeniambia madaftari manne, lakini sijui nyumbani kwenu kuna nini. Sijui ni chombo gani kilichovunjika kikabaki, nani alikishona, nani hakirudishi. Andika kama unampelekea hakimu, bila kumlilia. Vitu ishirini. Orodha hiyo itakuwa yako kabisa, na humo ndimo utakamotoa tarbia tano, sita, kumi. Ukiimaliza niletee, nitaisoma.

Lakini kwa mzee uende kwanza, wiki hii. Chukua sukari kidogo mkononi, usiende mikono mitupu kwa mfiwa. Ukishasema yote na akiwa bado amekukaribisha kuketi, muulize ule mfuniko ulikwenda wapi. Mahakamani hawatamuuliza.

Mwalimu